Kengele ya Mlango wa Chumvi

Ijumaa, Novemba 29

Msimu umeanza! Leo Kamati ya Sufuria, sisi tunaopiga kengele milangoni mwa duka na kuwachangishia maskini pesa kwenye sufuria nyekundu, imegawa zamu katika chumba cha chini cha kanisa. Nilifika mapema, nimenyoa, nimezipaka mafuta nywele zilizobaki. Mji mzima wa Nordby unaujua mkono wangu. Napiga kengele kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Bega ni la wanaojifunza.

Duka la Hagen lina milango miwili. Kuna Mlango wa Mikate. Hapo watu hutoka na harufu ya mikate puani, mioyo imelainika, na mkono wenyewe unaingia mfukoni. Halafu kuna Mlango wa Chumvi, penye rundo la magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu na mabeleshi ya theluji. Hapo watu hutoka wameshaikasirikia dunia.

LaVonne Brekke, mwenyekiti wetu, alinigeukia mbele ya wote akaniuliza kama ningependa Mlango wa Mikate. Nikakataa, bila shaka. Nikasema wapo wanaostahili zaidi yangu. Kwetu kitu kizuri hukataliwa mara mbili. Mara ya tatu unakipokea, tena kwa kunung'unika kidogo, watu wasije wakakuona mroho. Hata mtoto wa Nordby anayetambaa anajua hivyo akipewa biskuti.

LaVonne alikuwa anavuta pumzi aniulize mara ya pili. Nilimwona! Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Kama mzee hataki, nipeni mimi!"

Rick Palladino. Ametoka New Jersey kumfuata binti yake aliyeolewa huku. Chumba kizima kikatazama viatu. Kumkatalia ingekuwa utovu wa adabu, basi akapewa. Mimi nikapewa Chumvi.

Si kitu. Sufuria nyekundu inayojaa penye mikate haina sifa. Inayojaa penye chumvi ina sifa, na LaVonne ana macho. Mwanawe anayeishi Arizona haji mwaka huu, lakini mkesha wa Krismasi atapika kama kawaida yake, na atataka mtu mezani. Mtu huyo ni mimi. Mwaka jana mkesha nilikunywa supu ya kopo nimesimama kwenye sinki, redio imewashwa ili nyumba iwe na sauti. Tangu mke wangu Joyce afariki imekuwa hivyo. Sitaki tena. Naandika waziwazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nampenda LaVonne Brekke, na nitampata kwa njia ya sufuria.

Jumanne, Desemba 3

Baridi ya kupasua midomo. Siku ya kazi, na siku ya uvumbuzi.

Nimegundua jambo. Watu wetu hawawezi kumpita mpiga kengele bila kutoa, na hawawezi kumtazama usoni wakamnyima. Kwa hiyo hutoka kwa mlango mwingine. Wakimsikia Rick, wanakuja kwangu. Wakiniona mimi kwenye kioo, wanageuza toroli wanarudi kwa Rick. Mama Aune, mjane wa fundi saa, alikwenda huku na huku mpaka akaishia kununua vitu ambavyo hakuvipanga. Wengine hutoka wamezama kwenye risiti, wanaisoma kama barua ya mchumba.

Dawa yake? Wasinione! Nikaishika kengele kwa glavu isilie, nikajibanza nyuma ya magunia. Kimya. Mama Aune akachungulia, akaona uwanja mweupe, akatoka mkuku na mayai yake. Nikachomoza, kengele juu, nikampigia Krismasi njema kwa nguvu zangu zote.

Mayai yalikwenda kila upande. Lakini alitoa! Alitoa kila alichokuwa nacho mfukoni, na peremende moja. Mimi nahesabu huo ni ushindi.

Baadaye akaja meneja, Bwana Tostrud. Huyu hagombi. Hapa hakuna mtu anayegomba, watu huongelea hali ya hewa. Akasema leo baridi kali. Nikakubali. Akasema huenda mtu angepata joto zaidi akisimama mahali anapoonekana. Akaniangalia kwa muda. Nikasema kweli, upepo wa kaskazini ni mbaya.

Rick huko kwake anaimba. Anaimba! Anawaita akina mama wa miaka themanini "mrembo", anawapiga wanaume mgongoni. Sisi hatugusani ila mazishini. Nilitarajia watu wamkimbie. Mama Aune alikwenda kutuliza mapigo ya moyo kwake.

Alhamisi, Desemba 5

Wazo la leo lilikuwa safi kama theluji ya asubuhi. Rick alipokwenda chooni, nilibandika karatasi kwenye Mlango wa Mikate: MLANGO HUU UMEGANDA. TAFADHALI TUMIENI MLANGO WA CHUMVI. SAMAHANI SANA KWA USUMBUFU. Hilo "samahani sana" ndilo lililofanya kazi. Mtu wa Nordby hawezi kuishuku karatasi inayoomba radhi.

Watu wakaja! Mafuriko! Nikapiga kengele kwa kifundo mpaka kifundo kikalia nacho. Sufuria ikaanza kutoa sauti nzito ile, si ya kopo tupu tena.

Kisha akatokea Rick, amebeba begani sufuria yake na stendi yake ya miguu mitatu.

"Mzee wangu! Mlango wangu umekufa! Sogea, tupige pamoja!"

Angeweza kuusukuma tu. Mlango ulikuwa mzima kabisa. Lakini naye aliiamini karatasi! Akasimama upande wangu, karibu zaidi na watokao, akaanza kuimba. Watu wakacheka, wakatoa. Kwenye sufuria yake. Yangu ilikuwa nyuma ya magunia, ilibidi mtu azunguke.

LaVonne akapita kuchukua maziwa. Akasimama na koti lake la bluu. Akasema inapendeza kuwaona wanaume wawili wanashirikiana, na jinsi Rick alivyo na moyo wa kuja kunitoa upweke. Kunitoa upweke! Mimi! Nilitabasamu mpaka meno yakapata baridi.

Bwana Tostrud akaupitia Mlango wa Mikate kutoka nje, ukafunguka vizuri tu. Akaja akaongelea hali ya hewa kwa kirefu, huku akiutazama mkanda wa gundi uliokuwa unaning'inia mfukoni mwangu.

Hata hivyo, jioni nilipomsaidia LaVonne kupakia sufuria garini, niliinyanyua yangu kwa mkono wa kushoto na ya Rick kwa wa kulia. Kamati haitangazi ya nani imejaa zaidi, kutangaza ni kujisifu. Lakini mkono unajua. Nimezidiwa kidogo. Kidogo tu! Kesho kutwa Jumamosi, na mimi nina oveni.

Jumamosi, Desemba 7

Keki ya limau, mapishi ya marehemu Joyce, vipande vya mraba. Sinia mbili. Anayetia kitu kwenye sufuria anapata kipande. Rick ana nyimbo tu. Wimbo hauliwi.

Nilisahau jambo moja, na si kosa langu, ni kosa la malezi bora. Wa kwanza alikuwa Bwana Melby, mwalimu mstaafu. Akatoa. Nikamkaribisha keki. Akasema ah, hapana, ameshakula. Nikamwambia kipande kidogo tu. Akasema awaachie wengine. Nikamsihi mara ya tatu. Akachukua, akanung'unika vizuri. Nyuma yake alikuwa mkewe. Hapana, asante. Kidogo tu. Ah, ngoja niwaachie wengine. Basi chukua. Nyuma yake Mama Aune, aliyesimama mbali kidogo nami. Hapana, asante...

Foleni ikafika kwenye toroli. Ikapita toroli. Ikakata njia ya magari. Watu wanapigapiga miguu kwenye barafu, na hakuna anayeweza kuondoka kwa kuwa kuondoka kwenye keki ya mtu ni kumtukana. Hakuna anayeweza kuchukua haraka kwa kuwa kuchukua haraka ni ulafi. Limau ikaganda. Ilibidi vipande vigongwe kwenye ukingo wa sufuria.

Kisha kikabaki kipande cha mwisho. Lo! Nani atakula cha mwisho? Bwana Melby alikuwa amerudi na kisu cha mfukoni, akakikata nusu, akala nusu. Mkewe akaikata nusu iliyobaki. Mama Aune akakata robo ile. Wakaendelea hivyo kwa upole mkubwa mpaka kwenye sinia kikabaki kitu kama ukucha wa paka, na watu wanne wanakitazama, kila mmoja anamwambia mwenzake chukua wewe, na mimi siwezi kuiondoa sinia.

Rick akaja. "Kwani mnazika nini hapa?" Akakichota kwa kidole, akakila, akalamba kidole. "Kitamu! Kuna kingine?"

Mama Melby alishika kifua. Nikajisemea: amekwisha. Kajimaliza mwenyewe. Mji huu hautamsamehe.

LaVonne alikuwepo. LaVonne Brekke akaangua kicheko! Alicheka mpaka akajishikilia kwenye gunia la chumvi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu marehemu mumewe, Harlan, aanguke ziwani akivua samaki, na hapo Harlan alikuwa hai, miaka mingi imepita.

Alicheka kwa aibu, nadhani. Kumsitiri Rick. Ni mwanamke mwenye huruma.

Alhamisi, Desemba 12

NIMEALIKWA!

Nakaa kwanza niandike kwa utaratibu. Mchana, theluji nyepesi, Mlango wa Chumvi mtulivu. LaVonne akaja na chupa ya kahawa. Akanimiminia (nilikataa mara mbili, nikapokea). Akasimama karibu nami, mabega yetu karibu yagusane. Akasema amesikia mwaka jana nilikuwa peke yangu mkesha wa Krismasi. Akasema yeye naye nyumba imekuwa kubwa. Akasema: "Njoo ule kwangu, Arlen."

Moyo ulinidunda hadi kengele ikalia yenyewe mkononi. Lakini mimi nimelelewa. Nikajibu: "Ah, hapana, LaVonne. Usijisumbue kwa ajili yangu."

"Si usumbufu," akasema. "Kweli kabisa. Ningefurahi."

Ningefurahi! Alisema ningefurahi! Nikasema: "Utakuwa na watu wako bwana, nitawabana tu." Nikaikunja sura kidogo, sura ya mtu anayeshawishika. Nikaandaa neno langu la tatu. Lilikuwa "basi, kama una hakika", nililifanyia mazoezi tangu Novemba. LaVonne alikuwa amefungua mdomo. Naapa alikuwa amefungua mdomo.

"LaVonne!" Rick, kutoka mlango wa pili, kwa sauti ya muuza samaki. "Sufuria imejaa hadi imekwama! Haipokei tena! Njoo uone, mama!"

Na yeye akaenda. Ni mwenyekiti, afanyeje? Aligeuka nyuma mara moja, akanitazama, nikampungia kengele.

Kwa hiyo hesabu ni hii: mbili tayari. Imebaki moja. Mtu aliyeulizwa mara mbili ni kama ameshakaa mezani. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumapili, Desemba 15

Bado ya tatu. Lakini nafasi nimeitengeneza, tena kwa ustadi.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, nilisimama kando ya LaVonne. Nikasema viazi mwaka huu vimekubali. Akasema kweli. Nikasema mtu mmoja akipika viazi vingi, vinabaki. Akasema yeye huvigandisha. Nikasema mkesha wa Krismasi utaangukia Jumanne. Akasema ndiyo, ameona kwenye kalenda. Akanitazama kwa namna ya kungoja kitu. Nami nikamtazama kwa namna ya kungoja kitu. Tukasimama hivyo mpaka mchungaji akaja kuuliza kama kuna tatizo na kahawa.

Kisha nikambebea magunia mawili ya chumvi hadi kibarazani kwake, kiuno kikilalamika njia nzima. Akanikaribisha ndani nipate joto. Sasa hapo nikapata mashaka makubwa. Je, huu ni mwaliko wa tatu wa ule wa mkesha, au ni wa kwanza wa jambo jipya la kupata joto? Nikaona ni jambo jipya. Nikakataa. Akasema haya, asante Arlen, akafunga mlango.

Nilikuwa sahihi, naamini. Huwezi kuchanganya hesabu.

Jumanne, Desemba 17

Nimempigia simu dada yangu Bernice, Chicago. Nikamweleza kama jambo la mtu mwingine: kuna rafiki yangu, ameulizwa mara mbili, sasa mwaliko una muda wake wa kuharibika au haunao?

Kisha akaniambia: "Arlen, mdogo wangu, mtu mwenyewe ni wewe."

Nikasema si mimi.

"Ni wewe. Vaa viatu. Nenda kwa huyo mama sasa hivi, mwambie ndiyo. Neno moja. Mwanamke kakuuliza mara mbili, unataka apige magoti? Atadhani humtaki, mjinga wewe!"

Bernice ameharibika. Miaka mingi mjini imemfanya hivyo. Huko watu wanakubali kitu mara ya kwanza, ndiyo maana kuna kelele nyingi. Niende nikajialike? Nibishe hodi nikadai chakula kama Rick? Nikamshukuru, nikamuuliza hali ya hewa. Akanikatia simu.

Sufuria leo: yangu nzito kuliko ya Rick. Nzito wazi! Mkono ulishuka. Imekuwa hivyo kwa sababu nimegundua kwamba nikiwafungulia watu mlango na kuwabebea mifuko hadi kwenye magari bila kusema neno, wanateseka sana rohoni, wanarudi mbio kutoa. Hatuwezi kustahimili wema usiolipwa. Bwana Melby alirudi mara mbili. Kamati itanunua makoti ya watoto na gesi ya kupashia nyumba moto kwa watu ambao bila hiyo wangelala na kofia kichwani. Nilifurahi kwa ajili yao. Kisha nikafurahi kwa ajili yangu. LaVonne aliinyanyua sufuria yangu akasema lo. Lo! Angekuwa wa New Jersey, hiyo ni nusu saa ya makofi.

Jumamosi, Desemba 21

Jumamosi ya mwisho. Siku kubwa. Tulikaa milangoni toka kufungua hadi kufunga, ndevu za Rick zimeota barafu. Magari yalijaa hadi barabarani.

Mchana Rick akaja kwangu na soseji mbili kwenye mkate. Akaniuliza kama nina njaa. Nikasema hapana. Akazila zote mbili mbele yangu. Angalau ni mtu wa kueleweka.

Kisha, mdomo umejaa, akasema: "Mzee, unajua nani kanialika mkesha? LaVonne! Nikamwambia ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Binti yangu anakwenda kwa wakwe, ningebaki na paka."

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Mtu akatoa, sikumshukuru.

Rick akaendelea. "Alikuwa amemwalika mwanamume mwingine kwanza, akakataa. Mara mbili! Huyo ni mtu gani, kaka? Mama kama yule, mapishi kama yale, unakataa? Unamjua wewe?"

Nikasema simjui.

"Basi akili yake iko likizo," akasema. Akanitazama. Sijui aliona nini, labda barafu machoni. Akanishika bega, mkono mzito kama gunia. "Njoo na wewe bwana. Chakula kitakuwa kingi. Nitamwambia LaVonne."

Nikasema ah, hapana, sitaki kuwasumbua.

"Sawa basi," akasema, akaondoka.

Sawa basi! Mara moja tu! Watu gani hawa wanaokuacha katikati ya maneno? Nilibaki nimesimama na sura yangu ya kushawishika.

Niseme ukweli: nilipiga kengele hadi kufunga lakini sikuisikia. Nyumbani niliwasha redio. Nilizima redio. Nilitazama kopo la supu kwenye rafu, nikaligeuza lisinitazame.

Jumatatu, Desemba 23

Nilijua! Nilijua tangu mwanzo!

Asubuhi simu ikalia. LaVonne. Hakuuliza hata hali ya hewa. Akasema: "Arlen, hii ni ya tatu. Nimehesabu. Rick kaniambia alikuona umesononeka. Kesho saa kumi na moja jioni, sahani yako itakuwa mezani. Sema ndiyo."

"Basi," nikasema, "kama una hakika."

Nikanung'unika kidogo pia. Vizuri tu, si kupita kiasi. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu upande wa pili wa waya.

Bernice anapaswa kuomba radhi. Niliwaza nimpigie, lakini hayo yangekuwa majivuno. Nimempigia mchana.

Kwa hiyo utaratibu unafanya kazi. Unahitaji mtu mwenye moyo wa kungoja tu. Rick atakuwepo, haidhuru. Yeye alialikwa kujaza kiti. Mimi nilialikwa mara tatu.

Jumatano, Desemba 25

Krismasi. Asubuhi tulivu, theluji mpya, kahawa ya pili. Naandika ya jana.

Nilifika na shati jeupe. Meza ya LaVonne: samaki wa magadi, yule mkavu aliyelowekwa hadi akawa laini kama jeli, anayetikisika kama kawaida, siagi ya kuyeyuka, viazi, na chapati za viazi alizozisukuma mwenyewe, nyembamba hadi unauona mkono ng'ambo yake. Aliniweka mkono wake wa kulia. Wa kulia! Rick upande ule mwingine. Rick alimwonja samaki, akauliza kwa upole kama amekufa kwa ugonjwa. LaVonne akacheka. Nami nikacheka. Sijui lini mara ya mwisho nilicheka mkesha wa Krismasi. Nyumba ilikuwa na sauti za watu, na moja ilikuwa yangu.

Kamati imefurahi, akatuambia. Mwaka huu hakuna nyumba itakayokosa gesi Nordby. Hakusema ya nani ilikuwa nzito zaidi. Lakini alinipa mimi kwanza viazi. (Nilikataa mara mbili. Vikaja vya moto, nikavila vya baridi. Sawa tu.)

Kisha akatulia, akaizungusha pete yake kidoleni. Akatusimulia jinsi Harlan alivyomposa. Mara ya kwanza yeye, LaVonne, alikataa, kwa adabu. Mara ya pili akakataa, kwa adabu. Harlan alikuwa mtu wa haya, ikamchukua miaka miwili kupata moyo wa kuuliza mara ya tatu. "Miaka miwili," LaVonne akasema. "Leo ningetoa nyumba hii nirudishiwe hiyo miaka miwili. Mimi sasa nimezeeka. Sina tena nguvu ya kuuliza mara tatu tatu."

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Hadithi nzuri sana. Inaonyesha faida ya subira.

Ndipo akasema mwanawe amemtaka aende Arizona baada ya mwaka mpya, akae huko kwenye joto hadi barafu itoke ziwani. Kuna chumba cha wageni kikubwa. Hapendi kuendesha gari peke yake njia yote ile. Akaweka uma chini. Akanigeukia mimi, si Rick, mimi.

"Arlen. Twende wote."

Mungu wangu! Masikio yalinivuma. Arizona! Yeye kwenye usukani, mimi nashika ramani! Nilitaka kuruka juu ya samaki. Nikajituliza. Nikatabasamu kwa unyenyekevu, nikasema: "Ah, hapana, LaVonne. Nitakuwa mzigo tu."

Akangoja. Nami nikangoja. Hata Rick, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji huu, alinyamaza. Uma wake ulisimama hewani. Kisha akanipiga teke la ugoko chini ya meza, teke la nguvu. Ana miguu mirefu, hana adabu ya kuikunja. Nikasema samahani, nikavuta wangu.

Tukakaa. Saa ya ukutani ilisikika. LaVonne alikuwa bado ananitazama. Macho yake yalikuwa na maji kidogo, yule samaki ana mvuke mkali. Nilimwachia nafasi yake ya kuuliza tena, sikutaka kumkatiza.

Rick akashusha pumzi. "Basi mimi nitaendesha," akasema. Hata hakusema kwa furaha.

"Haya, Rick," akasema LaVonne, taratibu. Akainuka akaenda kuleta kahawa. Alimhurumia tu, ni wazi. Mtu aliyejitolea hivyo mbele za watu utamkataliaje?

Wanaondoka Januari sita. Nimeshusha sanduku la safari kutoka darini, nimeweka mashati ya mikono mifupi na kofia ya jua ya marehemu baba. Gari la LaVonne lina nafasi ya watu watano. Ameshauliza mara moja. Zimebaki mbili tu, na siku ziko tele.

Nimesogeza kiti karibu na simu.